Gunia la Marere, Bahasha ya Marere

Kaskazi ilikuwa ikivuma nilipofika chini ya mbuyu mmoja karibu na Kilifi. Kwenye gome, upande unaotazama bahari, zilining'inia ndevu bapa za rangi ya majivu, ndefu kama kidole. Kamusi zetu za zamani zinaziita marere. Wataalamu huziita Roccella montagnei. Ni kuvumwani: kuvu na mwani wanaoishi katika mwili mmoja.

Zilikuwa kavu, na kuvumwani kavu huvunjika kama bisi. Nikazinyunyizia maji, nikangoja zilainike, kisha nikabandua kipande chembamba cha gome kwa patasi na nyundo. Kabla sijaondoka niliandika mti gani, upande gani, kimo gani kutoka ardhini, na tarehe.

Karne ya 19 marere haya yalichumwa kwa magunia. Kutoka Unguja na pwani za Somalia na Msumbiji yalisafirishwa hadi Ulaya, yakalowekwa katika amonia (zamani zaidi, katika mkojo) na kuachwa yapate hewa kwa wiki kadhaa, mpaka yakatoa zambarau ya kutia hariri na sufu. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18, William Perkin, alipata zambarau ya kemikali jijini London. Rangi za viwandani zikaongezeka, na soko la marere likafifia taratibu.

Hebaria, yaani hazina ya sampuli zilizokaushwa, ina mwendo wake. Marere yangu niliyatandaza juu ya karatasi kivulini, bila moto na bila kuyabana kama majani. Yalipokauka niliyaweka kwenye friza siku kadhaa ili wadudu wafe, kisha nikayakunjia bahasha ya karatasi isiyo na asidi na kubandika maelezo usoni. Kijipande kimoja nilikitilia tone la jiki chini ya lenzi. Kiliwaka wekundu mara moja, halafu ukatoweka. Kipimo hiki alikitangaza William Nylander mwaka 1866, na wekundu ule unatokana na kemikali zilezile zilizowapa wachovyaji nguo zambarau yao.

Hebaria ya Afrika Mashariki ilianzia Amani, milima ya Usambara, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Kila nikifungua kabati zake huyawaza magunia yale. Unguja yalipimwa kwa frasila (frasila moja ni kama kilo 16), na marere ya mikoko yakachanganyika na ya mibuyu, ya kisiwa hiki na ya kile. Leo natamani kujua mbuyu wa Kilifi ulibeba marere kiasi gani wakati ule, na hakuna gunia linaloweza kunijibu.

Kwa hiyo kibandiko sikiandiki kwa haraka. Mtu atakayerudi chini ya mbuyu ule miaka mia ijayo ataanzia kwenye bahasha yangu: mti, upande wa bahari, kimo, siku.