Bei ya Viazi, IE6 na Selekta Zilizopuuzwa

Leo naandika nikiwa nyumbani Kibirichia, baridi ya Mlima Kenya imenibana na kikombe cha chai kiko mkononi. Nimeketi na mjomba wangu na amenikumbusha kosa nililofanya mwaka 2007. Yeye hucheka akilisimulia. Mimi bado sicheki sana. Nimeona niwaeleze, kwa sababu ndani yake imo historia nzima ya jambo ambalo watengenezaji wa tovuti tumepigana nalo kwa zaidi ya miaka 25: selekta za CSS, na vivinjari visivyokubaliana.

Kisa chenyewe ni hiki. Huku kwetu tunalima viazi, au waru kama wengi tunavyoviita. Wakati ule nilikuwa mwanafunzi Nairobi, nimejifunza kutengeneza kurasa za wavuti na najiona fundi kamili. Nikatengeneza ukurasa mmoja wa bei za viazi sokoni Nairobi, ili wakulima wa kikundi cha mjomba wajue bei kabla dalali hajafika na lori. Kila soko lilikuwa na bei mbili: ya wiki iliyopita na ya wiki hii. Ile ya zamani ilitakiwa kufifia na kukatwa mstari katikati, ili mtu asiichanganye na mpya. Amri niliyoandika ilikuwa fupi tu:

td[title="zamani"] { color: #aaa; text-decoration: line-through; }

Kwenye kompyuta yangu, ndani ya Firefox, ukurasa ulipendeza. Nikampigia mjomba simu. Akapanda matatu hadi Meru mjini, akaingia saiba, shilingi moja kwa dakika, akasoma bei, akarudi. Kesho yake akamuuzia dalali magunia 18.

Jioni akanipigia. "Mjomba, bei imeshuka sana huko Nairobi, siyo?"

Nikamwambia hapana, imepanda.

Kimya. Halafu akasema, "Lakini mimi nimesoma kwa macho yangu."

Kweli alikuwa amesoma. Kompyuta ya ile saiba ilikuwa na Internet Explorer 6, na IE6 haikuielewa amri yangu hata kidogo. Bei zote mbili zilitokea kwa wino uleule, bila mstari, na ile ya zamani ndiyo iliyotangulia. Tofauti ilikuwa shilingi 200 kwa gunia. Piga hesabu mwenyewe: shilingi 3,600 zilimtoka mjomba kwa sababu ya mabano mawili ya mraba.

Haya, kwa wale ambao si mafundi: selekta ni nini? CSS ndiyo lugha inayoupa ukurasa rangi, ukubwa wa herufi na mpangilio. Kila amri ya CSS ina sehemu mbili. Ya kwanza inasema "nani", ya pili inasema "afanywe nini". Hiyo ya "nani" ndiyo selekta. Ni kama mwalimu anayesema, "Wanafunzi wote wa darasa la tano walioketi safu ya mbele, simameni." Mwanafunzi asiyeelewa maneno hayo hasimami. Na kivinjari, au brauza kama wengine wanavyosema, kisichoelewa selekta huiruka amri yote bila kusema neno. Hakuna onyo, hakuna kengele. Ukurasa unafunguka kana kwamba hakuna kilichoharibika.

Tabia hiyo ya kuruka haikuwa bahati mbaya. Iliwekwa makusudi. Håkon Wium Lie alitoa pendekezo la CSS tarehe 10 Oktoba 1994 akiwa CERN, kisha akafanya kazi hiyo pamoja na Bert Bos. Toleo la kwanza, CSS1, lilipitishwa na W3C Desemba 1996. Wazo lilikuwa kwamba lugha itakua, na kivinjari cha zamani kikikutana na neno jipya kilipuuze, kiendelee na yale kinayoyajua. Ni wazo zuri kwelikweli. Bila hilo, kila kitu kipya kingevunja kurasa zote kwenye mashine za zamani.

Ila wazo hilo lina upande wa pili, na upande huo ndio uliomwangukia mjomba. Kupuuza ni salama pale tu ambapo kilichopuuzwa ni pambo. Kikiwa ni maana, basi msomaji amedanganywa.

Selekta za CSS1 zilikuwa chache: jina la tegi, klasi, kitambulisho, kitu kilicho ndani ya kingine, na hali ya viungo. Hata hizo hazikuungwa mkono sawasawa. Internet Explorer 3 ya mwaka 1996 ilijua sehemu ndogo tu. Netscape 4 ya mwaka 1997 ilikuwa na kioja chake: ilizigeuza kwanza amri za CSS ziwe JavaScript, kwa hiyo ukizima JavaScript, CSS nayo inatoweka!

Kisha Mei 1998 ikaja CSS2. Hapa ndipo zilipoingia selekta zenye nguvu: alama ya > kwa mtoto wa moja kwa moja, alama ya + kwa ndugu anayefuata, :first-child kwa kifungua mimba, na yale mabano ya mraba ya kuchagua kwa atributi. Angalia mwaka vizuri: 1998. Mimi nilipoyatumia mabano hayo mwaka 2007, kiwango kilikuwa na umri wa miaka tisa. Sikuwa nimeandika kitu kigeni. Niliandika kitu halali kabisa, kilichopitishwa, kilichochapishwa, na bado hakikufika Meru mjini.

Kwa nini hakikufika? Kwa sababu IE6 ilitoka Agosti 2001, ikashinda vita dhidi ya Netscape, na mshindi akalala. Microsoft haikutoa toleo lililofuata hadi Oktoba 2006. Miaka mitano! Katika miaka hiyo Internet Explorer ilifikia wakati ambapo watumiaji zaidi ya 9 katika kila 10 duniani walikuwa nayo. Na IE6 haikujua >, haikujua +, haikujua :first-child wala atributi. :hover iliifanyia kazi kwenye viungo pekee. Mbaya zaidi ni pale ilipodhani inaelewa: ukiandika .bei.mpya, ukiwa na maana ya kitu chenye klasi zote mbili, yenyewe ilisoma .mpya peke yake na kupaka rangi hata visivyohusika. Afadhali asiyeelewa akanyamaza kuliko anayedhani ameelewa.

Mafundi wa duniani wakabuni ujanja. Maarufu zaidi uliandikwa * html. Kwa kanuni, tegi ya html ndiyo mzizi wa ukurasa na hakuna tegi juu yake, kwa hiyo selekta hiyo isimpate yeyote. Lakini IE6 na wazee wake waliikubali! Basi tukaitumia kama mlango wa siri: amri za IE6 peke yake tunazifungia humo. Fikiria hilo, ndugu msomaji. Tulikuwa tunatumia kosa moja la kivinjari ili kurekebisha makosa yake mengine. Agosti 2006 John Resig akatoa jQuery 1.0, na siri mojawapo ya kupendwa kwake ni kwamba ilikuja na injini yake ya selekta. Ulichagua vitu kwa mabano na alama za > ndani ya JavaScript, hata kwenye IE6 ambayo yenyewe haikuzijua.

Sasa mtu wa Ulaya aliweza kusema, "Si apakue Firefox tu?" Firefox 1.0 ilikuwa imetoka Novemba 2004, ni kweli, na ilikuwa bure. Lakini tuliokuwa huku tunajua hali ilivyokuwa. Kenya haikuwa na waya wa intaneti chini ya bahari hadi mwaka 2009, TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa. Kabla ya hapo mawasiliano yetu na ulimwengu yalipanda hadi setilaiti na kushuka. Firefox ya mwaka 2007 ilikuwa karibu megabaiti 6. Kwenye saiba ambapo kompyuta nyingi zinagawana laini moja nyembamba, nani alipe shilingi kwa dakika akisubiri megabaiti 6 ziteremke kwenye mashine isiyo yake?

Na IE7, iliyozijua > na + na atributi? Ilipotoka mwaka 2006 ilihitaji Windows ithibitishwe kwanza kuwa ni halali. Microsoft iliondoa sharti hilo Oktoba 2007. Hebu tuseme tu kwamba si kila Windows XP ya wakati ule ingefaulu mtihani huo. Baadaye mlango mwingine ukafungwa: IE9 ya Machi 2011, ndiyo Internet Explorer ya kwanza kuzijua selekta za CSS3 kama :nth-child, ilikataa kabisa kukaa kwenye XP. Aliyebaki na XP na Internet Explorer yake alikwama kwenye IE8, wakati W3C inazipitisha rasmi selekta hizo za toleo la tatu mnamo Septemba 2011. Yaani kadiri kiwango kilivyosonga mbele, ndivyo baadhi ya wasomaji walivyoachwa kituoni.

Wakati huohuo kitu kingine kilitukia, na hiki ndicho ninachokipenda zaidi katika historia hii. Januari 2006 Opera Mini ilizinduliwa ulimwenguni. Simu ndogo yenye GPRS na Java ikaweza kufungua wavuti, kwa sababu kazi nzito haikufanywa na simu. Seva za Opera ziliusoma ukurasa, zikazielewa selekta, zikaubana, kisha zikaituma simuni data kidogo sana. Vijana wa Kibirichia waliotembea na simu za bei nafuu walikuwa, bila kujua, wanatumia injini iliyoelewa CSS kuliko kompyuta kubwa ya saiba mjini! Laiti mjomba angefungua ule ukurasa kwa simu ya kijana wa jirani, huenda angeona mstari wangu. Ila nayo ilikuwa na mipaka yake: simu haina kipanya, kwa hiyo menyu zote tulizozificha nyuma ya :hover zilikuwa kama hazipo.

Msidhani haya yamekwisha. Microsoft iliistaafisha IE11 Juni 2022, na wengi tulisherehekea. Lakini chukua :has(), selekta inayomchagua mzazi kwa kumtazama mtoto. Safari ilikuwa nayo Machi 2022, Chrome Agosti 2022, Firefox ikafika Desemba 2023. Karibu miaka miwili kati ya wa kwanza na wa mwisho. Ni mfupi ukilinganisha na ile tisa ya atributi, na tushukuru kwamba kampuni zinazotengeneza vivinjari sasa zinafanya majaribio ya pamoja kila mwaka. Lakini simu za vibonye za KaiOS 2.5, zilizouzwa hata huku kwetu, zinatumia injini ya Firefox 48 ya mwaka 2016. Hiyo haijui :has(), wala :is().

Wakulima wa huku hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Mwaka 2019 Kenya ilitoa kanuni za zao la viazi: gunia lisizidi kilo 50. Ilichapishwa, ni sheria. Je, lumbesa ilikufa siku hiyo? Muulize mkulima yeyote. Kilichoandikwa Nairobi ni kimoja, kilichobebwa na lori ni kingine, na anayelipia tofauti ni yule wa mwisho katika mstari.

Basi nilijifunza nini? Mambo matatu, na ninayafuata hadi leo.

Kwanza, maana iwe kwenye maneno, pambo liwe kwenye CSS. Ningeandika tu "wiki iliyopita" na "wiki hii" juu ya bei, IE6 isingemdhuru mtu.

Pili, usichanganye selekta mpya na za zamani kwa koma katika amri moja. Kanuni inasema moja ikishindikana kueleweka, amri nzima inatupwa, pamoja na zile zilizokuwa nzima. Ziandike mbalimbali. Siku hizi pia kuna @supports selector(), unakiuliza kivinjari kwanza kama kinajua.

Tatu, jaribu ukurasa kwenye mashine ya msomaji, si yako. Mimi nilijaribu kwenye kompyuta yangu Nairobi. Msomaji wangu alikuwa Meru mjini, na dakika zilikuwa zinahesabiwa.

Mwaka ule nilirekebisha ukurasa usiku uleule. Mjomba hakurudi tena saiba. Aliniambia nimtumie bei kwa SMS, na nikafanya hivyo kwa misimu miwili. SMS haina selekta. Sasa hivi ananiuliza naandika nini muda wote huu chai inapoa. Nimemwambia, akacheka tena, akasema niwaambie magunia yalikuwa 18 na hajasahau.

Tukutane tena wiki ijayo, Mungu akipenda.