Safu ya Lugha: Kusotea Daraja
Vijana wanaocheza michezo ya mtandaoni huita "kugraindi" kila saa wanayokaa mbele ya skrini. Hapo neno limepotoshwa. Kiingereza kililitoa kwenye kusaga nafaka, kikalipa maana ya kazi ngumu inayojirudia, na wachezaji wakalirithi hivyo: kukata mti uleule tena na tena ili mhusika wako apate pointi. Kupigana na wenzako kwa raha si kugraindi. Wala kupanda daraja siko. Huko ni matokeo yake tu. Katika RuneScape, mchezo wa Uingereza uliozinduliwa 2001, daraja la 99 la stadi hudai pointi 13,034,431, na aliyefika la 92 yuko nusu tu ya safari. Hapo katikati kazi ni nyingi, kupanda ni kuchache.

Kwa Kiswahili, wapo wanaopendekeza neno hilo liwe "kusaga". Lakini kwetu husagwa unga, au meno. Tunalo "kusotea": kuhangaikia kitu muda mrefu hadi ukipate. Watasema lina mateso mno kwa burudani. Ila wachezaji wenyewe huulalamikia uchovu wa kazi hiyo, wakauvumilia kwa ajili ya daraja wanalolitaka. Tena kitenzi hiki hudai kitajwe kinachosotewa, jambo ambalo "kugraindi" hulificha.