Nani alipie barabara? Historia ndefu ya mfuko wa matengenezo

Barabara mpya hufunguliwa kwa hotuba na utepe. Barabara inayotunzwa vyema haina sherehe, na kwa sababu hiyo aghalabu haina fedha. Historia ya miji midogo yaonyesha kwamba suala gumu la matengenezo si lami wala kokoto, bali ni nani atoe fedha na nani azilinde zisitumiwe kwa mambo mengine.

Mwaka 1986 baraza la mji wa Pocatello, katika jimbo la Idaho magharibi mwa Marekani, lilipitisha sheria ndogo iliyozua ubishi mkubwa. Mji huo, uliokuwa na wakazi wapatao 46,000, ulitaka kila mwenye nyumba, duka au karakana alipe ada ya matengenezo ya barabara. Kiwango kilitegemea wingi wa safari ambazo jengo la aina hiyo hukadiriwa kuzisababisha: nyumba ya familia moja hulipa kidogo, na duka lenye wateja wengi hulipa zaidi.

Baadhi ya waliotakiwa kulipa walikwenda mahakamani. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Idaho iliifuta ada hiyo. Kwa mujibu wa majaji, barabara hutumiwa na umma wote, kama zilivyo bustani za mji au ulinzi wa polisi. Malipo ya kuitunza ni kodi hata kama yamepewa jina la ada, na mji hauna mamlaka ya kutoza kodi ambayo sheria za jimbo hazikuiruhusu. Mashimo ya barabara yalibaki, na mfuko wa kuyaziba ukatoweka.

Swali lililoulizwa Pocatello lilikuwa la kale. Barabara ni ya anayeishi kando yake, ya anayepita juu yake, au ya watu wote?

Siku za kazi ya lazima

Nchini Uingereza, jibu la kwanza la kisheria lilikuwa kwamba barabara ni mzigo wa wanaoishi karibu nayo. Sheria ya mwaka 1555 iliilazimisha kila parokia kuzitunza njia zake kwa kazi ya siku 4 kila mwaka, bila ya malipo. Mwaka 1563 siku hizo ziliongezwa hadi 6. Wenye mashamba walileta mikokoteni na wanyama, maskini wakaleta mikono yao. Msimamizi alichaguliwa miongoni mwa wanakijiji, naye pia hakuwa na mshahara.

Utaratibu huo ulidumu kwa karibu miaka 300, ingawa haukupendwa. Mkulima alihisi kwamba anachimba na kusawazisha njia ili magari ya farasi ya wafanyabiashara wa mbali yapate kuiharibu. Kazi ilifanywa shingo upande, na msimamizi aliyeteuliwa bila kuupenda wadhifa hakuwa na sababu ya kuwagombeza majirani zake.

Malango ya ushuru

Ndipo likaja jibu la pili: alipe anayepita. Mwaka 1663 Bunge la Uingereza liliruhusu ushuru utozwe kwenye sehemu ya njia kuu ya kuelekea kaskazini. Katika karne ya 18 ziliundwa bodi nyingi za barabara, kila moja ikiwa na malango yake, watozaji wake na madeni yake. Kufikia miaka ya 1830 bodi hizo zilikuwa takriban 1,000.

Mfumo huo ulizaa maarifa. John Loudon McAdam, Mskochi aliyeteuliwa mwaka 1816 kuwa msimamizi wa barabara za Bristol, alifundisha kwamba udongo ulio chini ya barabara ukiwa mkavu utabeba mzigo wowote. Kwa hiyo alisisitiza mitaro ya kutoa maji, na kokoto ndogo zinazoshikamana zenyewe. Hali kadhalika alitaka wasimamizi wenye ujuzi wanaolipwa mshahara, na hesabu za bodi zikaguliwe.

Lakini malango yalizaa chuki pia. Katika miaka ya 1839 hadi 1843, wakulima wa Wales waliokuwa wakilipa ushuru mara kadhaa katika safari moja ya kwenda sokoni waliyavunja malango usiku, wakiwa wamevaa nguo za kike na kumwita kiongozi wao Rebecca, jina la katika Biblia. Wakati huohuo reli zilichukua abiria na mizigo, na bodi zikabaki na madeni bila mapato. Sheria ya mwaka 1835 ilikwisha kuiondoa kazi ya lazima na kuweka badala yake kodi ya majengo na ardhi. Lango la mwisho la ushuru wa aina hiyo lilifungwa mwaka 1895, katika kisiwa cha Anglesey.

Senti moja kwa galoni

Motokaa ilileta jibu la tatu. Mwaka 1919 jimbo la Oregon lilikuwa la kwanza nchini Marekani kutoza kodi ya petroli kwa ajili ya barabara, senti 1 kwa kila galoni. Hapakuhitajika lango wala mtozaji wa njiani: anayesafiri sana hununua mafuta mengi, na anayenunua mafuta mengi hulipa zaidi. Katika muda wa miaka 10 majimbo yote yaliyokuwapo wakati huo yalikuwa yameiga.

Kasoro ilijitokeza polepole. Kodi hiyo ilipangwa kwa senti, si kwa asilimia ya bei. Lami ilipopanda bei, kodi ilisimama palepale, na magari mapya yakatumia mafuta kidogo zaidi. Kodi ya petroli ya serikali kuu ya Marekani iliwekwa senti 18.4 kwa galoni mwaka 1993, na kwa zaidi ya miaka 30 baada ya hapo haikuongezwa. Aidha, fedha hizo hugawanywa baina ya barabara kuu, wilaya na miji, na mitaa ya mji mdogo hupata fungu lisilotosha.

Ufa na ukuta

Wahandisi wanafahamu ni kwa nini kuchelewa ni ghali. Katika miaka ya 1970 Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani kilibuni njia ya kuipa barabara alama kutoka 0 hadi 100, kwa kuhesabu nyufa, mabonde na mashimo yake. Alama hizo zilidhihirisha jambo moja: lami hudhoofika taratibu kwa miaka mingi, kisha huanguka ghafla. Ufa mdogo hupitisha maji. Katika nchi za baridi maji hayo huganda, hutanuka na kuupasua ufa zaidi. Katika nchi za mvua nyingi huulainisha udongo ulio chini.

Kwa hiyo mji wenye busara hutumia fedha zake kwanza kwa barabara ambazo bado ni nzuri, kwa kuziba nyufa na kuongeza tabaka jembamba la lami. Hapo ndipo siasa inapogongana na hesabu. Mwananchi mwenye shimo mbele ya mlango wake humuuliza diwani ni kwa nini mafundi wanashughulikia mtaa usio na tatizo. Waswahili walikwisha kulijibu swali hilo: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mji mwingine, hukumu nyingine

Miaka miwili kabla ya Pocatello, mji wa chuo kikuu wa Fort Collins, jimboni Colorado, ulikuwa umeanzisha ada inayofanana nayo. Huko pia kesi ilifika Mahakama ya Juu ya jimbo. Mwaka 1989 majaji wa Colorado waliamua kinyume cha wenzao wa Idaho: ada ni halali, kwa kuwa anayeilipa hupata huduma inayohusiana nayo. Hata hivyo walikifuta kifungu kimoja, kile kilichouruhusu mji kuihamisha ziada ya mfuko huo kwa matumizi mengine. Kwa maneno mengine, jina la ada lilisimama maadamu fedha zilibaki barabarani.

Baadaye Fort Collins ulifuata njia nyingine. Wapiga kura waliridhia robo ya senti kwa kila dola ya mauzo iende kwenye matengenezo ya barabara, na mwaka 2015 wakairefusha. Mgeni anayekuja kununua huchangia, lakini huchangia pia mkazi asiye na gari. Haki kamili haikupatikana. Kilichopatikana ni ridhaa.

Somo lililovuka bahari

Mwaka 1988 Benki ya Dunia ilitoa ripoti kuhusu nchi 85 zinazoendelea. Ilikadiria kwamba barabara zenye thamani ya dola bilioni 40 hadi 45 ziliharibika, ilhali matengenezo ya wakati unaofaa yasingefikia dola bilioni 12. Tangu hapo mifuko maalumu ilienea Afrika. Kenya ilitunga sheria ya tozo ya mafuta kwa matengenezo ya barabara mwaka 1993, Tanzania ikaimarisha Mfuko wake wa Barabara kwa sheria ya mwaka 1998, na Uganda ikafuata mwaka 2008. Nchini Tanzania, kwa miaka mingi asilimia 70 ya fedha za matengenezo zilikwenda kwa barabara kuu na za mikoa, na 30 kwa halmashauri. Mwaka 2017 ulianzishwa wakala maalumu wa barabara za vijijini na mijini, TARURA.

Mbele kuna mtihani mpya. Gari la umeme halinunui petroli, na kila likipita huilalia lami ileile. Oregon, iliyoanza na senti moja mwaka 1919, ilianza mwaka 2015 kuwatoza madereva wa hiari kwa umbali wanaosafiri. Njia za kukusanya fedha hubadilika na zitaendelea kubadilika. Kilichoonekana katika kila zama ni kwamba watu hukubali kulipia barabara wanapoyaona malipo kuwa ya haki, na wanapokuwa na hakika kwamba mfuko wenyewe hautobolewi.