Japani Ilivyojifunza Kusimamisha Treni Kabla ya Kimbunga

Kampuni za reli za Japani husimamisha treni kabla kimbunga hakijafika. Utaratibu huo wa kusitisha safari kwa mpango ni mpya katika nchi yenye reli tangu 1872. Zamani treni ziliendelea na safari hadi hali ya hewa izuie, na uamuzi wa kusimama uliachwa mikononi mwa waliokuwa zamu.

Udhaifu wa desturi hiyo ulidhihirika tarehe 28 Desemba 1986 kwenye daraja la Amarube, mkoani Hyogo. Daraja hilo la chuma lilijengwa 1912, lilikuwa na kimo cha mita 41, na lilikaa mkabala na bahari, upepo ulipolipiga bila kizuizi. Siku hiyo tahadhari ya upepo ilitolewa katika kituo cha kuongozea treni, lakini treni haikusimamishwa. Mabehewa matupu yaliyokuwa yakirudishwa yalisukumwa na upepo na kuangukia kiwanda cha kusindika kaa kilichokuwa chini. Wafanyakazi 5 wa kiwanda walikufa, pamoja na kondakta wa treni. Kikomo cha upepo kikashushwa kutoka mita 25 kwa sekunde hadi 20, na kipima upepo kikaunganishwa moja kwa moja na taa za kusimamisha treni, kisimngoje mtu aamue.

Hata hivyo kipima upepo hujua kinachopita mahali kilipo tu. Tarehe 25 Desemba 2005 treni ya Inaho ilipinduliwa na dhoruba mkoani Yamagata, watu 5 wakafariki, ilhali upepo uliopimwa jirani ulikuwa haujafikia kikomo. Kampuni ya reli ya JR East iliongeza vipima upepo na kuta za kukinga upepo, na kuanzia 2017 ikatumia rada katika eneo hilo kubaini dhoruba kabla haijaifikia reli.

Theluji ilikuwa na ufumbuzi wake. Reli ya kasi ya Joetsu, iliyofunguliwa 1982 katika mojawapo ya sehemu zenye theluji nyingi zaidi nchini, iliwekewa mabomba ya kunyunyizia maji yaliyopashwa joto kando ya njia.

Vimbunga havikuwa na dawa ya namna hiyo. Hatua kubwa ilichukuliwa na kampuni ya reli ya JR West tarehe 13 Oktoba 2014, ilipotangaza tangu siku iliyotangulia kwamba treni zote za Osaka, Kyoto na Kobe zingesimama kuanzia saa kumi jioni. Kimbunga kikawa chepesi kuliko ilivyohofiwa, na kampuni ikalaumiwa. Lawama hizo hazikuwa za haki, kwa kuwa treni iliyokwama njiani usiku na abiria wake ni hatari kubwa kuliko treni isiyoondoka kabisa. Septemba 2018 kimbunga Jebi kiliisukuma meli ya mafuta hadi ikagonga daraja la uwanja wa ndege wa Kansai, ambalo pia hubeba reli. Safari za treni zilikuwa zimekwisha kusitishwa.

Tokyo ilifuata tarehe 30 Septemba mwaka huohuo, JR East ilipofunga njia zake zote za jiji saa mbili usiku, kimbunga kingine kikikaribia. Tangazo lilitoka mchana wa siku ileile, na wengi hawakulipata mapema. Asubuhi iliyofuata umati ulifurika stesheni huku mafundi wakikagua njia na kuondoa miti iliyoanguka. Ikawa wazi kwamba kufungua tena ni kazi ngumu kuliko kufunga. Julai 2019 wizara inayosimamia uchukuzi ilitoa mwongozo: kampuni ziwatahadharishe abiria takriban saa 48 kabla, zitoe ratiba kamili saa 24 kabla, na zieleze pia katika lugha za kigeni.

Mwongozo huo ulifuatwa vizuri kimbunga Hagibis kilipopiga tarehe 12 Oktoba 2019. Abiria walikuwa nyumbani, lakini treni zenyewe zilisahauliwa. Usiku huo mto Chikuma ulifurika, ukabomoa tuta lake na kuingia katika yadi ya treni ya Nagano. Treni 10 za kasi, zenye mabehewa 120, zilizama na baadaye zikatupwa zote. Yadi ilikuwa katika eneo ambalo ramani za mafuriko zilikuwa zimeonyesha kuwa hatarini. Tangu hapo mpango wa JR East una sehemu ya pili: mto unapoelekea kujaa, treni huondolewa yadini na kupelekwa kwenye njia zilizoinuka, abiria wakiwa wameshashushwa na maji yakiwa bado mbali.