Lori la Bedford katika Milima ya Usambara: Chapa ya Kimarekani Iliyovaa Jina la Kiingereza

Historia ya usafiri katika mkoa wa Tanga imezoeleka kuandikwa kwa kufuata reli. Hilo lina sababu zake. Reli ya Usambara ilifika Mombo mwaka 1905, na kuanzia hapo mashamba ya mkonge ya bondeni yakapata njia ya kufikisha mazao yake bandarini. Lakini reli hiyo ilipita chini ya milima, haikuipanda. Mombo iko kiasi cha mita 400 tu juu ya usawa wa bahari, ilhali Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, iko karibu mita 1,400. Tofauti hiyo ya mita elfu moja, katika mwendo wa kilomita zipatazo 33, ndiyo iliyoamua zao gani la Usambara lingeweza kuuzwa na lipi lingeozea shambani. Wajerumani walichonga barabara ya kupitia Soni, na kwa ajili ya mbao za Shume walijenga njia ya kamba za chuma kutoka msituni hadi Mkumbara. Kilichokuja kumhudumia mkulima mdogo wa viazi na kabichi, hata hivyo, hakikuwa reli wala kamba hizo. Kilikuwa lori.

Makala haya yanajadili chapa moja ya lori, yaani Bedford, ambayo ilikuwa miongoni mwa malori yaliyoenea zaidi Afrika Mashariki kuanzia mwisho wa Vita Kuu ya Pili hadi miaka ya 1980, na ambayo leo haitengenezwi tena. Hoja yangu ni kwamba maisha ya lori hili milimani hayaelezeki kwa ubora wa injini peke yake. Yanaelezwa zaidi na dola. Uhaba wa dola jijini London ndio uliolifungulia mlango, na uhaba wa fedha za kigeni Dar es Salaam ndio uliolifanya liishi kuliko umri wake.

Ni vyema kwanza kueleza nasaba yake, kwa kuwa wengi waliolitumia walilihesabu kuwa gari la Kiingereza. Kampuni ya Kimarekani ya General Motors ilikuwa ikiunganisha malori ya Chevrolet huko Hendon, London, katika miaka ya 1920. Mwaka 1925 ilinunua kampuni ya Vauxhall ya mjini Luton kwa kiasi cha dola milioni 2.5, na mwaka 1929 kazi ya malori ikahamishiwa huko. Luton imo katika jimbo la Bedfordshire, ambalo mji wake mkuu ni Bedford. Mwaka 1931 lori la kwanza lenye jina hilo likatoka kiwandani, likiwa na injini ya petroli ya silinda sita iliyofuata kwa karibu muundo wa ile ya Chevrolet. Jina, vibarua na anwani vilikuwa vya Uingereza. Mwenye mali, na mwenye kauli ya mwisho, alikuwa Detroit.

Katika makoloni mengi ya Uingereza vazi hilo la Kiingereza lilikuwa na faida ya moja kwa moja, kwani baada ya mkutano wa Ottawa wa mwaka 1932 bidhaa za Uingereza zilipewa nafuu ya ushuru wa forodha. Tanganyika haikuwa hivyo. Ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa, na tena ilikuwa ndani ya eneo la mikataba ya Bonde la Kongo iliyozuia ubaguzi wa ushuru. Kwa hiyo kabla ya vita Chevrolet au Ford iliyotoka Marekani ilifika Tanga bila kubaguliwa forodhani, na Bedford haikuwa na nafuu yoyote mbele yake. Ni kosa, kwa maoni yangu, kudhani kwamba lori hili lilienea Tanganyika kwa sababu tu nchi ilitawaliwa na Waingereza.

Mambo yalibadilika baada ya mwaka 1945. Uingereza ilitoka vitani ikiwa na deni kubwa na bila dola za kutosha. Jaribio la mwaka 1947 la kuruhusu pauni ibadilishwe kuwa dola kwa uhuru lilivunjika ndani ya wiki chache, na Septemba 1949 thamani ya pauni ilishushwa kutoka dola 4.03 hadi dola 2.80. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa imefungwa kwenye pauni kwa kiwango cha shilingi 20 kwa pauni 1, na makoloni yalitakiwa kubana matumizi ya dola. Kibali cha kuagiza gari kutoka Marekani kikawa kigumu kupatikana. Mfanyabiashara wa Tanga au Korogwe aliyekuwa amezoea nguvu ya lori la Kimarekani akajikuta anaweza kulinunua kwa pauni, kutoka Luton, likiwa na jina jingine. Hapo ndipo vazi la Kiingereza lilipoanza kulipa.

Halikuwa lori baya kwa kazi ya milimani. Aina ya J, iliyoanza kuuzwa mwaka 1958 na ambayo ndiyo wazee wengi wa Lushoto huikumbuka, ilikuwa na boneti mbele, hivyo fundi aliifikia injini akiwa amesimama kando ya barabara. Injini ya petroli ya lita 3.5 ilikuwa nyepesi kueleweka: kabureta moja, plagi sita, na sehemu ambazo ziliingiliana kutoka mwaka mmoja wa utengenezaji hadi mwingine. Aina ya TK, iliyofuata mwaka 1960, ilikuwa na kibanda kilichosogezwa mbele na injini nyuma ya viti, ikifikiwa kwa kufungua milango midogo ya ubavuni. Kwa njia zenye kona kali urefu wake mfupi ulikuwa faida. Kwa fundi mwenye mikono mikubwa ulikuwa adhabu.

Masimulizi ya madereva wa zamani wa njia ya Mombo, Soni na Lushoto hayaanzi na kasi wala starehe. Huanza na maji. Lori lililopanda likiwa limejaa lilichemsha, na dereva aliyeijua njia alijua pia kila kijito ambapo utingo angeshuka na debe. Huyo utingo alikuwa na kazi nyingine iliyokuwa ya hatari zaidi: kukaa tayari nyuma na jiwe au gogo, ili gari likizimika mlimani aliwahi kulitegea tairi kabla halijaanza kurudi. Kuteremka kulikuwa na sheria yake, nayo ni kwamba gia uliyopandia ndiyo uteremkie. Sheria hii haikuwa ushirikina wa madereva. Breki za malori haya zilitumia mafuta zikisaidiwa na nguvu ya mvuto wa hewa iliyotoka kwenye injini. Injini ikizimika katikati ya mteremko, msaada huo hupotea baada ya kukanyaga mara chache, na dereva hubaki na uzito wa tani kadhaa na mguu wake mwenyewe. Wakati wa masika, katika barabara za udongo za kwenda Mlalo, Mtae na Bumbuli, ziliongezwa minyororo ya tairi, majembe na mbao za kutandika kwenye tope. Safari ambayo leo ni ya asubuhi moja ingeweza kula siku mbili.

Umiliki ulikuwa jambo la wachache. Katika miaka ya 1950 malori mengi yalikuwa ya wenye maduka wa Kihindi na Kiarabu wa Mombo, Soni na Lushoto, ambao walipandisha sukari, chumvi, mafuta ya taa na nguo, na kuteremsha kahawa, mboga na matunda. Hesabu ya mwenye lori ilikuwa ya pande mbili: likipanda tupu au likishuka tupu, faida imekwenda. Kwa mkulima hesabu ilikuwa ya saa. Kabichi, karoti, pichesi na peasi zilizofungwa katika matenga zilikuwa na siku chache tu kabla ya kuharibika. Majani mabichi ya chai yalikuwa na muda mfupi zaidi, kwa sababu hayana budi kufika kiwandani siku ile ile yaliyochumwa. Kwa hiyo lori bovu lilikuwa hasara ya mwenye lori kwa kiasi fulani, na hasara ya mwenye tenga kwa kiasi kikubwa zaidi, naye huyu wa pili hakuwa na sauti yoyote katika ununuzi wa gari wala wa spea. Watafiti wa kilimo cha mboga Lushoto huzungumza sana kuhusu mbegu, mmomonyoko wa udongo na soko la Kariakoo. Naona wanalipita lori haraka mno.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 uagizaji wa magari uliingia hatua kwa hatua mikononi mwa mashirika ya umma, na malori ya vyama vya ushirika na baadaye ya vijiji yakaongezeka barabarani pamoja na yale ya watu binafsi. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976. Mwaka uliofuata ulikuwa mzito zaidi kwa wenye Bedford wa Usambara. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Mwaka huo huo wa 1977 kampuni ya General Motors Kenya, iliyoundwa miaka miwili kabla kwa ubia na serikali ya Kenya, ilifungua kiwanda chake cha kuunganisha magari Nairobi, ambako Bedford ilikuwa miongoni mwa magari yaliyounganishwa. Kutoka Mtae mtu huona tambarare za Kenya kwa macho yake. Spea zilizokuwa nje kidogo ya upeo wa macho hayo zikawa mbali kama Luton.

Kisha vikaja vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, ambavyo vilihitaji malori ya raia na kumaliza akiba ya fedha za kigeni, pamoja na kupanda kwa bei ya mafuta. Katika hali hiyo lori jipya halikuwezekana na spea halali ilihitaji kibali, subira na bahati. Hapo ndipo Bedford ya Usambara ilipoacha kuwa bidhaa ya Luton na kuwa kazi ya mafundi. Lori moja lilichinjwa ili mawili yatembee. Bushi na pini zilikerezwa kutoka vyuma chakavu katika karakana za Tanga na Korogwe. Gasketi zilikatwa kwa mkono. Springi iliyovunjika iliongezewa jani kutoka gari la chapa nyingine, na bodi ya mbao ilijengwa upya na maseremala wa hapa hapa milimani, ambako mbao hazikuwa tatizo. Lori lililotoka katika mikono hiyo lilikuwa na jina la Bedford kwenye boneti, na wakati mwingine hilo jina ndilo lililobaki la asili kuliko vyote.

Kipindi hiki kina mvuto kwa mwandishi wa historia, na kuna kishawishi cha kukigeuza utenzi wa kusifu ubunifu. Ubunifu ulikuwepo, bila shaka. Lakini silinda ya breki iliyofufuliwa kwa mpira wa kuchonga ni ubunifu mpaka siku inapoachia katika kona za juu ya Soni. Mizigo iliyooza, vibarua waliopanda juu ya magunia kwa kukosa usafiri mwingine, na ajali za miteremko ni sehemu ya gharama ya miaka hiyo. Anayesifu fundi bila kutaja gharama hiyo anamwondolea lawama aliyemnyima spea.

Mwaka 1986 maamuzi mawili yalifanyika mbali mbali bila kujuana. Huko Uingereza, mwanzoni mwa mwaka huo, serikali ilizungumza na General Motors kuhusu kuiuzia Land Rover pamoja na malori ya Leyland. Mazungumzo yalivunjika, kwa sehemu kubwa kutokana na hasira ya umma juu ya Land Rover kuangukia mikononi mwa Wamarekani. General Motors ikatangaza baadaye mwaka huo kwamba ingeacha kutengeneza malori makubwa ya Bedford. Kiwanda cha Dunstable kiliuzwa mwaka 1987, kikaendelea kwa jina la AWD, na mwaka 1992 kampuni hiyo ikafilisika. Hakuna mtu wa Lushoto aliyeulizwa chochote, jambo ambalo halishangazi. Linaloshangaza kidogo ni kwamba Waingereza waliopiga kelele kuokoa chapa moja isimilikiwe na Wamarekani walisahau kwamba nyingine ilikuwa yao Wamarekani tangu kuzaliwa kwake.

Huku Tanzania, mwaka 1984 serikali ilianza kuruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na Agosti 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, ilifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Shilingi ilishushwa thamani sana, na bidhaa zilianza kuingia. Miongoni mwa zilizoingia ni magari yaliyotumika kutoka Japani, nchi ambayo huendesha kushoto kama sisi na kwa hiyo usukani wake haukuhitaji kuhamishwa. Bedford haikushindwa mlimani. Ilikosa mzazi katika miaka ile ile ambayo mlango wa forodha ulifunguka kwa wapinzani wake.

Leo matenga na magunia ya Lukozi na Soni huteremshwa kwa Fuso, Canter na Isuzu. Hii ya mwisho inastahili kuangaliwa kwa jicho la pili, kwa maana General Motors ilikuwa imenunua zaidi ya theluthi moja ya hisa za Isuzu tangu mwaka 1971, na kiwanda cha Nairobi kiliendelea na Isuzu pale Bedford ilipokwisha. Mkulima aliyedhani kwamba lori la Kijapani limemfukuza lori la Kiingereza alikuwa akitazama mabadiliko ndani ya nyumba moja. Mwaka 2017 General Motors iliuza hisa zake za kiwanda hicho kwa Isuzu yenyewe. Malori ya Bedford, kwa upande wao, yaliishia zaidi kwa wahunzi, kwa sababu chuma cha springi zake hutoa panga zuri.