Mfuko Ndani ya Mkoba

Juni 2013 kampuni ya American Airlines ilitangaza kwamba marubani wake wameachana na mkoba wa makaratasi. Ulikuwa na uzito wa paundi 35, takriban kilo 16: ramani, michoro ya viwanja, vitabu vya taratibu. Mahali pake pakashikwa na iPad, na kampuni ikapiga hesabu kwamba kwa kuutua mzigo huo itaokoa galoni 400,000 za mafuta kwa mwaka. Kilo 16! Abiria anayepanda Cessna Caravan pale Wilson, Nairobi, kwenda Maasai Mara kwa kawaida huruhusiwa kilo 15, tena ndani ya begi laini. Rubani yule, lau angekuwa abiria, angeambiwa apunguze.

Kilichonivuta mimi si uzito bali jina. Wenye kazi yao walipotafuta la kukiita kile kishikwambi hawakukiita kitabu wala ramani. Walikiita mkoba, mkoba wa kielektroniki wa rubani, na jina hilo limo hadi katika miongozo ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani. Ngozi imekwenda, mshikio umekwenda, jina limegoma kushuka. Na kwa kuwa kishikwambi hakina pa kuweka tochi wala miwani, nacho kikahitaji cha kubebewa. Rubani wa leo anatembea na mkoba ndani ya mkoba.

Msemaji wa Kiswahili hawezi kuwacheka. Tuna Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na hakuna aliyewahi kuuliza umetundikwa msumari gani. Kocha akifukuzwa leo, kesho magazeti yanaandika nani amerithi mikoba yake, ingawa aliondoka na begi lake la nguo na kila kilichokuwamo. Mikoba hiyo ni ya mganga. Ndani ya mkoba wa mganga mna dawa na zana ambazo mwenyewe peke yake anajua kipi kipo upande gani, na anayekabidhiwa anapokea kazi pamoja na vifaa. Ndiyo maana kwa chombo cha rubani nachagua mkoba, si begi. Begi ni la yeyote. Mkoba una mwenyewe.

Neno rubani nalo lilikuwa baharini kabla halijapaa. Rubani wa kamusi za zamani ni mwelekezi wa chombo, mtu anayejua miamba ilipo na mlango wa bandari unavyoingiwa. Mabaharia wa Omani na Ghuba walikuwa na kitabu cha njia kilichoitwa rahmani, chenye nyota za kufuata na alama za pwani. Rubani wa angani alichelewa kupata rahmani yake. Huko Marekani, Elrey Jeppesen, aliyerusha ndege za posta, alianza kujiandikia katika daftari dogo jeusi: urefu wa vilima, hali ya viwanja, namba za simu za wakulima waliokuwa tayari kumwambia kama kuna mawingu. Wenzake wakazitaka zile habari, na mwaka 1934 akaanza kuuza nakala kwa dola 10. Baadaye daftari likawa majalada yenye kurasa za kuchomoa na kupachika, maana taarifa za anga hubadilishwa kwa mzunguko wa siku 28 na rubani ndiye aliyekaa mezani akitoa karatasi ya zamani na kuweka mpya. Kilichoanza kwa kuingia katika mfuko wa koti kikaishia katika sanduku la ngozi la kilo 16.

Nasema sanduku kwa makusudi. Mkoba wa rubani wa mashirika makubwa ulikuwa wa pembe nne, mgumu, ukifunguliwa kwa juu na kusimamishwa kando ya kiti. Umbo lake lilitokana na majalada. Majalada yalipokufa, umbo likabaki yatima, na washonaji wa mikoba wakalazimika kuuliza kinachobebwa sasa ni kitu gani.

Kwa rubani wa ndege ndogo jibu ni la vitu vidogovidogo visivyofanana hata kimoja. Kuna hedseti, ambayo watunga istilahi wangependa iwe vipokea sauti vya kichwani lakini marubani wana haraka. Kuna kichupa cha kupimia mafuta, ambacho huchomekwa chini ya bawa kabla ya kuruka ili kukinga mafuta kidogo na kuangalia kama yana maji. Petroli ya ndege aina ya 100LL hutiwa rangi ya buluu, kwa hiyo maji yaliyojitenga huonekana chini yake. Kichupa hicho hurudi kikinuka, na karatasi zote zilizolala nacho hunuka pia. Kuna redio ya mkononi ya dharura, tochi, betri, kalamu, chupa ya maji, daftari la saa za kuruka. Na chumba chenyewe cha rubani ni chembamba, macho yako nje, mkono mmoja uko kwenye usukani. Mkono ule wa pili ndio unaotafuta, nao hauoni.

Hapo ndipo ilipozaliwa mikoba kama ile ya Brightline Bags ya Marekani, ambayo ilipendwa na marubani kwa sababu kila kifaa kilikuwa na mfuko wake. Kampuni hiyo ilipousuka upya mkoba wake, iliufanya mfumo ulioitwa FLEX: upande wa mbele, upande wa nyuma na vipande vya katikati, vyote vikiunganishwa kwa zipu. Mwenye safari fupi anaunganisha viwili vyembamba, mwenye safari ndefu anaongeza vya kati. Aina zake zikapewa namba na majina, kama B4 Swift, B7 Flight na B18 Hangar.

Kitendo hicho tukiiteje? Wengi wataandika kusanifu upya, nami silikatai, ila sanifu lina sura mbili: ni kubuni, na pia ni kuweka kiwango kimoja kwa wote, kama tunavyosema Kiswahili sanifu. Mkoba wa zamani ulikuwa sanifu kwa maana ya pili. Mshonaji alishakuamulia miwani ikae wapi. Fundi cherehani analo neno lililo karibu zaidi na kilichofanyika, nalo ni kufumua. Kuna kufumua kwa hasira na kufumua kwa akili. Fundi anayefumua kwa akili anafuata mshono taratibu ili aone nguo ilishikiliwa na nini. Waliofumua mkoba wa rubani walikuta umeshikiliwa na mifuko.

Na hapa Kiswahili kimenifurahisha. Kwetu kitu kinachobeba unga dukani na kile kilichoshonwa kwenye suruali vyote ni mfuko. Nimewahi kuwasikia wanafunzi wa lugha wakilalamika kwamba hii ni hitilafu, kwamba lugha iliyokomaa ingetenganisha chombo na sehemu ya chombo. Mkoba wa vipande umeisuta hoja hiyo. Kila kipande chake ni mfuko kikiwa kimeungwa, na kikichomolewa kikaning'inizwa begani ni mfuko vilevile. Tofauti iliyolalamikiwa imefutwa na zipu moja.

Kwa kishikwambi, neno limekwisha kushinda, upande wa Tanzania angalau. Sensa ya mwaka 2022 ilipowapelekea makarani wa kuhesabu watu vifaa hivyo, kishikwambi kiliingia vinywani mwa watu haraka kuliko kamati yoyote ya istilahi ingeweza kukiingiza. Kenya utasikia tabuleti. Rubani hukifunga pajani kwa ukanda, na kile kitenzi tunachokitumia kwa mtoto, kupakata, kinatosha kabisa. Tulishakitumia kuundia kipakatalishi, hakuna sababu ya kukiogopa ndani ya ndege. Tatizo la kishikwambi ni joto. Apple wanataka iPad itumike pasipozidi digrii 35, na ndege iliyofungwa juani Dar es Salaam mwezi Februari hupita hapo bila jasho. Mfuko wake unapaswa kuwa wenye hewa, mbali na dirisha.

Betri ya akiba, ambayo mtaani ni pawabanki, nayo ina masharti: abiria haruhusiwi kuiweka katika mizigo ya chini, na ikizidi saa-wati 100 inahitaji kibali cha shirika la ndege. Kwa mantiki ya bima ya afya tungeiita mfuko wa umeme, lakini sitalipigania.

Nitapigania maneno ya fundi. Wanaoandika kuhusu mikoba hii hukimbilia maneno ya kigeni kana kwamba hakuna aliyewahi kushona Lamu au Kariakoo. Kitambaa cha ndani ni bitana, na katika mkoba wa rubani iwe ya rangi nyepesi, maana kalamu nyeusi juu ya bitana nyeusi usiku ni kalamu iliyopotea. Kifungio cha chuma cha ukanda ni bizimu. Ukingo uliokunjwa ni pindo. Kipimo cha unene wa uzi tukikope kama kilivyo, denia: uzani kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000, hivyo nailoni ya denia 1,680 ina uzi mzito kuliko ile ya 500. Na zipu, ambayo ndiyo iliyofanya kazi yote hii iwezekane, ina meno, ina kichwa, ina mkia, imo katika kila nyumba kuanzia Mombasa hadi Bukavu. Ibaki zipu.