Maradhi Yaanzayo Ujanani

Msafiri atokaye Nairobi kwenda kaskazini, akiisha kuupita Mlima Kenya, huteremka mpaka Isiolo, mji ambao zamani za ukoloni ulikuwa mlango wa Jimbo la Mpaka wa Kaskazini. Nataka, msomaji, usimame nami mlangoni hapo, tutazame jambo lisilotajwa sana katika vitabu vya historia, yaani maradhi ya akili yaitwayo bipola. Mgonjwa wake hupandishwa siku nyingi katika furaha na kasi isiyo kiasi, asilale wala asichoke. Kisha hushushwa katika huzuni nzito hata kuinuka kitandani kukamshinda.

Tabibu Mjerumani Emil Kraepelin, ambaye mwaka 1899 aliyatenga maradhi hayo na aina nyingine za wazimu, aliona kuwa shambulio la kwanza huja zaidi mtu akiwa na umri wa miaka 15 hadi 20. Ndio umri wako wewe usomaye.

Basi mfikirie kijana wa umri huo, mkaa Isiolo, mwaka 1945. Hospitali ya akili ilikuwa Mathari, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1910, umbali wa zaidi ya kilomita 250. Wengi waliofikishwa huko walipelekwa na serikali kwa kuwa wamevunja amani. Aliyenyamaa kwa huzuni nyuma ya mbuzi wa babaye, nani angempeleka? Dakta J. C. Carothers, mkuu wa Mathari tangu 1938 hata 1950, aliwatazama hao walioletwa, akaandika kuwa huzuni ya maradhi ni adimu kwa Mwafrika. Waama alihesabu samaki wa wavuni, akadhani ameihesabu bahari.

Kosa hilo liliwaumiza vijana hasa, kwa maana maradhi yaanzayo mapema mara nyingi hutangulia kwa sura ya huzuni. Mzee mpole akigeuka tabia, ukoo mzima hushtuka. Kijana akigeuka, watu husema ni ujana, utapita. Na Isiolo kuna kisingizio cha pili, nacho ni miraa itokayo milima ya Nyambene. Mtafunaji hukesha na kusema sana. Hivyo aliyepandwa na maradhi hudhaniwa kuwa amezidiwa na majani tu. (Sisemi kuwa miraa haina hatia. Kukosa usingizi huweza kuyaamsha maradhi yaliyolala.)

Mwaka 2016 uchunguzi mwingi wa nchi mbalimbali ulikusanywa na kupimwa pamoja. Walioanza kuugua mapema walikawia zaidi kupata tiba, huzuni yao ilikuwa kali zaidi, na wengi zaidi walisumbuliwa na hofu au ulevi. Lakini dalili za kupotewa na ukweli hazikuwazidi kuliko walioanza ukubwani. Kwa hiyo umri si hukumu. Naona mimi kwamba sehemu kubwa ya madhara hutoka katika miaka ya kungoja, shule ikikatika na marafiki wakitawanyika.

Dawa ilikwisha kuonekana. Mwaka 1949, Carothers akiwa bado Mathari, John Cade wa Australia alitangaza kuwa chumvi ya lithiamu hutuliza wagonjwa hao. Lakini ikizidi ni sumu, na mgonjwa hana budi kupimwa damu mara kwa mara. Kwa kijana wa Merti, ndani kabisa ya kaunti ya Isiolo, kipimo hicho ni safari ya mchana kutwa.